Nguzo mbili za Wanstead: Lango lililobaki baada ya jumba kuuzwa kwa deni

NGUZO mbili za mawe zimesimama mashariki mwa jiji la London, pale barabara ya Overton Drive inapoanzia kwenye Blake Hall Road, katika mtaa wa Wanstead. Magari hupita katikati yake tangu alfajiri hadi usiku. Zilichongwa na mafundi wa karne ya 18, na katika mawe yake zimo herufi za jina la mwenye mali, zimesukwa pamoja mithili ya ukili.

Mgeni asiyejua historia ya mahali hapo hutarajia kwamba akiifuata barabara hiyo atakutana na jumba la kifahari mwishoni mwake. Halipo. Atakuta nyumba za kawaida za raia, kanisa la kale na uwanja wa gofu. Jumba ambalo nguzo hizi zilikuwa zikilitangaza, Wanstead House, lilibomolewa katikati ya miaka ya 1820, likauzwa kama mawe, mbao na risasi ya mapaa. Lilikuwa limedumu miaka mia moja tu na ushei.

Halikuanguka kwa vita, moto wala tetemeko. Lililoliangusha ni deni la mtu ambaye hakulijenga, hakulirithi, wala hakulinunua. Alilipata kwa kumwoa mwenyewe. Ndiyo maana kisa cha nguzo hizi, ingawa ni cha Uingereza, kinamgusa msomaji wa Kenya kwa namna ambayo huenda hakuitarajia: sheria ambayo Bunge la Uingereza lilitunga baadaye ili kuzuia dhuluma za aina hiyo ilivuka bahari, ikatumika katika mahakama zetu hadi mwaka 2013.

Kwanza tuelewane kuhusu lango lenyewe. Kiswahili kinatofautisha mlango na lango, na tofauti hiyo si ya ukubwa pekee. Mlango ni wa nyumba. Lango ni la mji, la ngome, la boma. Bwenyenye wa Kiingereza wa karne ya 18 alipojenga nyumba yake ya shambani, hakuiweka kando ya barabara kuu. Aliiweka mbali, katikati ya ardhi yake, nyuma ya miti iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Kwenye mpaka ndipo alipoweka lango, na pembeni mwa lango mara nyingi kibanda cha bawabu.

Nguzo za lango zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni ya kifundi: lango la chuma lililofuliwa ni zito mno, na bila nguzo nene zenye msingi imara lingeinama na kukwama. Kazi ya pili ndiyo iliyogharimu pesa zaidi. Wapangaji wa mashamba, wachuuzi, wasafiri na maskini wa parokia wengi wao hawakupata kuingia ndani ya jumba. Walichokiona maishani mwao ni lango. Kwa hiyo mwenye mali alihakikisha kwamba lango linasema yote aliyotaka waseme juu yake: mawe yaliyochongwa, nembo ya ukoo, wanyama wa mawe juu ya vilele, au, kama ilivyo Wanstead, herufi za jina lake.

Herufi za Wanstead ni za Sir Richard Child. Ukitaka kujua alivyopata uwezo wa kuandika jina lake kwa mawe, huna budi kurudi nyuma kizazi kimoja.

Pesa za Bahari Hindi

Babake, Josiah Child, alikuwa mfanyabiashara wa London aliyeanza kupata utajiri kwa kuuzia jeshi la wanamaji chakula na vinywaji. Aliinunua Wanstead mwaka 1673. Mwaka 1681 akawa gavana wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, ile kampuni iliyokuwa na hati ya mfalme ya kuhodhi biashara yote ya Waingereza upande huu wa Rasi ya Tumaini Jema. Josiah hakuridhika na biashara ya pilipili na vitambaa. Chini ya uongozi wake kampuni ilithubutu kupigana na dola ya Mughal huko India kati ya 1686 na 1690, ikashindwa vibaya, ikalazimika kuomba msamaha na kulipa fidia. Wanahistoria wengi huviita vita hivyo kwa jina lake, Vita vya Child.

Alifariki mwaka 1699. Ili msomaji apate kuuweka wakati huo mahali pake, ni miezi tu baada ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwishoni mwa 1698. Bahari ile ile iliyokuwa ikigombewa na majahazi na manowari mbele ya Mombasa ndiyo iliyokuwa ikijaza makasha ya Josiah Child kule London.

Josiah alipanda miti. Mwandishi wa shajara John Evelyn, aliyepita Wanstead mwaka 1683, alishangaa kuona fedha nyingi zikimwagwa kwenye miti na mabwawa ya samaki katika ardhi aliyoiona kuwa kame na isiyo na faida. Matajiri wa ghafla, kwa maoni ya Evelyn, walikuwa na tabia ya kwenda kujipanda mahali pabaya. Kejeli hiyo naielewa, lakini Evelyn alikosea katika jambo moja. Mpango wa miti na maji wa Wanstead ndio uliodumu kuliko ukuta wowote uliojengwa baadaye.

Mwanawe Richard ndiye aliyejenga. Mnamo 1715 alimwita msanifu majengo wa Kiskoti, Colen Campbell, abuni jumba jipya badala ya lile la zamani. Campbell aliitumia Wanstead kutangaza mtindo mpya: ukumbi wa mbele wenye nguzo sita za Korintho na pembetatu ya mawe juu yake, kama hekalu la Kirumi, huku mabawa ya nyumba yakinyooka kulia na kushoto. Upande wa mbele pekee ulikuwa na urefu wa futi 260 hivi, yaani karibu mita 80. Michoro yake ilichapishwa katika kitabu cha Campbell, Vitruvius Britannicus, na kwa miaka mingi matajiri wengine wakaiga. Upande wa mashariki wa jumba la Wentworth Woodhouse, katika jimbo la Yorkshire, ni mtoto wa Wanstead, nao ungali umesimama.

Ndani ya jumba hilo hatuwezi kuingia tena, lakini tunaweza kuchungulia. Mchoraji William Hogarth alichora familia na wageni wakiwa wamekusanyika katika ukumbi mmojawapo, kazi aliyoianza 1728 na kuimaliza 1731. Watu wanacheza karata na kunywa chai. Mapambo na samani za bei ghali zimewazunguka. Mchoro huo uko Marekani, katika jumba la makumbusho la sanaa la Philadelphia. Kila kitu kilichochorwa humo kilitoweka Wanstead. Mchoro wenyewe umebaki.

Kuna jambo dogo hapa linalonifurahisha. Richard Child hakubaki Richard Child. Mwaka 1718 alitunukiwa cheo cha Viscount Castlemaine, mwaka 1731 akawa Earl Tylney, na katika miaka hiyo hiyo ya 1730 akabadilisha hata jina la ukoo, kwa idhini ya Bunge, ili mali ya Tylney iliyotoka upande wa mkewe ikae vizuri mikononi mwake. Herufi za langoni zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati angali hai. Nguzo ziliendelea kumtangaza mtu ambaye mwenyewe hakutaka tena kuitwa hivyo.

Mrithi aliyeposwa na mwana wa mfalme

Richard alifariki mwaka 1750. Mwanawe John, Earl wa pili, aliishi miaka mingi Italia na kufia Naples mwaka 1784 bila mtoto. Mali ikaenda kwa mpwawe, Sir James Long, aliyejiongezea jina la Tylney, naye akafariki mwaka 1794 akiacha mtoto wa kiume mchanga na mabinti. Mtoto huyo wa kiume, afya yake dhaifu tangu mwanzo, alifariki mwaka 1805.

Hivyo ndivyo Catherine Tylney-Long, akiwa hajatimiza hata miaka 16, alivyojikuta mrithi wa Wanstead na mashamba mengine katika majimbo kadhaa. Magazeti ya London yalimtaja kama msichana tajiri kupita wote wasio na vyeo nchini. Kwa miaka kadhaa jumba lilikodishwa kwa wakimbizi wa kifalme wa Ufaransa waliofukuzwa na mapinduzi, miongoni mwao Mwanamfalme wa Condé, Catherine akisubiri kufikia umri wa kukabidhiwa mali yake.

Alipofikia, waposaji walijaa. Mmoja wao alikuwa Duke wa Clarence, mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kama William wa Nne. Catherine alimkataa. Aliyemchagua ni William Wellesley-Pole, kijana mtanashati, mpenda farasi na sherehe, na mpwa wa yule jemadari aliyekuja kuwa Duke wa Wellington. Walifunga ndoa tarehe 14 Machi, 1812. Bwana harusi aliunganisha majina ya koo zote akawa William Pole-Tylney-Long-Wellesley, jina refu lililowapa watani wa London kazi ya kufanya. Inasimuliwa kwamba siku ya harusi alisahau pete. Huenda ni porojo za baadaye, kwa kuwa watu hupenda kuona dalili mbaya baada ya mabaya kwisha kutokea.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na ni vyema tuitazame kwa makini kidogo. Katika sheria ya kimila ya Uingereza ya wakati huo, mwanamke alipoolewa nafsi yake ya kisheria ilimezwa na ya mumewe. Fedha, vito, samani na vitu vyote vya kuhamishika alivyokuwa navyo vikawa vya mume moja kwa moja. Ardhi haikuwa ya mume kuiuza apendavyo, lakini usimamizi na mapato yake vilikuwa mikononi mwake. Mke hakuweza kufanya mkataba wala kushtaki kwa jina lake mwenyewe.

Familia tajiri zilikuwa na dawa yake. Kabla ya harusi mawakili waliandika mkataba wa ndoa uliokabidhi mali kwa wadhamini, ukamtengea mke posho ya kila mwaka na kuhifadhi ardhi kwa ajili ya watoto. Catherine alikuwa na mkataba wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe ulimpa mumewe haki ya kuitumia mali kwa muda wote wa maisha yake. Ardhi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mtoto wa kiume atakayezaliwa, ila mapato yake yalikuwa ya William kuyatumia, na mapato ya siku zijazo yanaweza kukopewa leo. Alikopa. Alifanya karamu, akafuga farasi wa kuwinda, akagombea ubunge kwa gharama kubwa. Ponda mali kufa kwaja, wahenga walisema, ila mali aliyoiponda haikuwa yake, na aliyekufa kwanza hakuwa yeye.

Siku 32 za mnada

Katika muda wa miaka kumi mambo yalikuwa yamefika ukingoni. Wadai walikuwa wengi, na William alikimbilia bara Ulaya asije akakamatwa. Mwezi Juni 1822 mnada wa vitu vilivyokuwa ndani ya Wanstead House ulianza, ukaendelea kwa siku 32. Vitanda, mazulia, sanamu, michoro, vitabu, vyombo vya fedha na vioo viliuzwa chumba baada ya chumba. Maelfu ya watu walikuja, wengi wao bila nia ya kununua. Walitaka kuingia walau mara moja ndani ya jumba ambalo maisha yao yote walikuwa wameliona kutoka langoni.

Jumba tupu halikupata mnunuzi wa kuishi ndani yake. Hatimaye liliuzwa kwa wabomoaji kwa pauni 10,000, kwa sharti kwamba walivunje na kuondoa kila kitu. Kiasi kinachotajwa mara kwa mara kama gharama ya kulijenga na kulipamba ni pauni 360,000. Hata tukikishuku kiasi hicho, na mimi nakishuku kidogo kwa sababu hesabu za matajiri hukua zinaposimuliwa, hasara iko wazi. Thamani ya jumba ilikuwa katika kusimama kwake. Lilipohesabiwa kama matofali, halikuwa na thamani kubwa.

Catherine aliyaona haya yote. Akiwa bara Ulaya pamoja na mumewe aligundua uhusiano wa William na Helena Bligh, mke wa afisa mmoja wa jeshi, akarudi Uingereza pamoja na watoto wake watatu. Alifariki tarehe 12 Septemba, 1825, akiwa na umri wa miaka 35. Kabla ya kufa aliwaachia dada zake watoto, akawasihi wasiwaruhusu kurudi kwa baba yao.

William aliwadai. Kwa sheria ya wakati huo baba alikuwa na haki juu ya watoto wake kuliko mtu mwingine yeyote, na mama hakuwa na haki yoyote ya kuwagawa kwa wosia. Hata hivyo, mwaka 1827 Lord Eldon, mkuu wa Mahakama ya Chancery, aliamua kwamba mwenendo wa baba huyo ulimfanya asifae kukabidhiwa watoto, na uamuzi huo ukathibitishwa mwaka uliofuata na Bunge la Malodi. Ilikuwa nadra mno mahakama kumnyima baba watoto kwa sababu ya tabia yake. Kesi hiyo ingali inatajwa na mawakili wa nchi zinazofuata sheria za Kiingereza kila inapojadiliwa mamlaka ya mahakama ya kumlinda mtoto. William hakukoma: mwaka 1831, akiwa mbunge, alimchukua binti yake kutoka kwa walezi, akatiwa gerezani kwa kudharau mahakama. Alifariki mwaka 1857 katika vyumba vya kupanga jijini London.

Kwa nini lango linabaki

Swali ambalo wengi huuliza wakiziona nguzo ni hili: ikiwa jumba zima lilisombwa mpaka jiwe la mwisho, hizi zilipona vipi?

Jibu liko katika kile kilichouzwa. Wabomoaji walinunua jumba, hawakununua ardhi. Ardhi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mrithi, na isingeweza kuuzwa kulipa madeni ya mtu aliyekuwa na haki ya kuitumia tu. Lango lilikuwa mbali na jumba, pembeni mwa shamba. Isitoshe, nguzo za lango zina mawe machache ukilinganisha na kazi ya kuzivunja. Hazina paa la risasi, hazina mbao, hazina vioo. Na shamba, liwe na jumba au lisiwe nalo, linahitaji pa kuingilia.

Hali hii si ya Wanstead peke yake. Uingereza imejaa malango yasiyoelekea popote. Katika karne ya 20, kodi ya urithi iliyoanzishwa 1894, bei duni za mazao, vita viwili vya dunia na uhaba wa watumishi viliwafanya wenye majumba kuyabomoa kwa mamia. Maonyesho yaliyofanywa mwaka 1974 katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London yalihesabu majumba zaidi ya 1,000 yaliyopotea katika muda wa miaka mia moja, na umma ukashtuka. Jumba la Clumber, jimboni Nottinghamshire, lilibomolewa mwaka 1938. Lango lake la Apleyhead na njia ndefu ya miti ya milaimu vimebaki, na anayepita humo leo hufika kwenye bustani isiyo na nyumba. Jijini London kwenyewe, Devonshire House ya barabara ya Piccadilly ilivunjwa mwaka 1924, lakini lango lake la chuma, pamoja na nguzo zenye sanamu za mnyama mwenye kichwa cha mtu, lilihamishiwa ng'ambo ya barabara hadi bustani ya Green Park. Watalii hupigia picha hapo bila kujua kwamba walitazamalo ni lango la nyumba.

Nguzo za Wanstead hazikuhamishwa. Ziko zilipowekwa, na hilo ndilo linalozipa umuhimu kwa wachunguzi wa historia. Zinaonyesha ni wapi hasa shamba lilipoanzia na mhimili wa njia ulielekea wapi. Ukijua zilipo nguzo na lilipo bwawa la mviringo ambalo lilichimbwa mbele ya jumba, unaweza kulipanga upya jumba zima katika akili yako. Zimo katika orodha ya kitaifa ya majengo yanayolindwa, kumaanisha kwamba hakuna mtu, hata mwenye ardhi, anayeweza kuzibomoa au kuzibadilisha bila kibali. Ulinzi wa namna hiyo haukuwapo mwaka 1824.

Sheria iliyovuka bahari

Haukuwapo pia ulinzi mwingine. Ilichukua zaidi ya nusu karne baada ya kifo cha Catherine kabla Bunge la Uingereza halijapitisha Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya 1882, iliyompa mke haki ya kumiliki, kununua na kuuza mali kama mtu aliye peke yake. Haitakuwa kweli kusema kwamba kisa cha Wanstead ndicho kilichozaa sheria hiyo. Wanaharakati wengi walihangaika kwa miaka mingi kuipata, na sheria dhaifu zaidi ilikuwa imetangulia mwaka 1870. Lakini ukitaka kuelewa sheria hiyo ilikusudia kuziba pengo gani, hakuna mfano ulio wazi kuliko jumba hili.

Kenya iliipokea kama sehemu ya sheria za jumla za Kiingereza zilizokuwa zikitumika kufikia Agosti 1897. Mwaka 1971 Mahakama Kuu iliamua kwamba inatumika hapa, na kuanzia hapo ikawa ndiyo nguzo ya kesi za wanandoa waliogombania nyumba na mashamba. Majaji wa Nairobi walikuwa wakikifungua kifungu cha 17 cha sheria ya zama za Malkia Victoria ili kumgawia mwanamke wa Kiambu au Machakos haki yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba anayedai sehemu ya mali lazima athibitishe mchango wake, uamuzi uliowavunja moyo akina mama wengi waliotumia miaka yao kupika, kulima na kulea.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, ilitangaza usawa wa wanandoa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjwa. Kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaiondoa rasmi ile ya 1882, na ikatambua kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Hata hivyo mjadala haujaisha: mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa katika Katiba haumaanishi kugawana mali nusu kwa nusu bila kuangalia mchango wa kila mmoja.

Catherine, tukumbuke, hakuwa na tatizo la kuthibitisha mchango. Kila kitu kilikuwa chake.

Mwaka huo huo wa 1882, kwa sadfa tu, sehemu ya shamba la Wanstead ilifunguliwa kwa umma. Halmashauri ya Jiji la London ilikuwa imenunua ekari 184 miaka miwili kabla, kwa pauni 8,000, ili ziwe sehemu ya msitu wa Epping ambao raia wana haki ya kutembea humo. Mistari ya miti na mabwawa yaliyoanzishwa na akina Child ni mali ya mpita njia, ingawa bustani hiyo ya kihistoria imewekwa tangu 2009 katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya hali mbaya ya maziwa yake na sura yake ya kale inayofifia.

Mahali lilipokuwa jumba lenyewe ni sehemu ya uwanja wa gofu ulioanzishwa mwaka 1893, na wachezaji hupita juu ya bonde dogo lililobaki baada ya misingi kung'olewa. Sehemu ya mazizi ya farasi wa ukoo huo hutumiwa na klabu. Kando ya Overton Drive lipo kanisa la St Mary, lililokamilika mwaka 1790 jumba likiwa bado limesimama, na ndani yake kaburi la fahari la Josiah Child lililohamishwa kutoka kanisa la awali.

Nguzo hazina mlinzi wala hazitozwi kiingilio. Anayetaka kuziona ashuke katika kituo cha treni cha Wanstead kwenye reli ya Central, kisha aulize njia ya kwenda kanisani.